TAHADHARI: "Mlango ni mzima, nimezima swichi tu" – mchezo wa wauzaji wa magari ya familia yenye milango ya kuburuza

Kama unatafuta Noah, Voxy, Serena, Stepwgn, Sienta, Freed au gari lolote la familia lenye milango ya kuburuza, soma hili kabla hujatoa malipo ya awali.

Kuna wauzaji na madalali wanaokuandalia gari kabla hujafika. Unakuta limeoshwa, reli za milango zimepakwa grisi mpya, na mlango wa umeme unafunguliwa kwa mkono. Ukiuliza kulikoni, jibu liko tayari: "Nimeuzima kwa usalama wa watoto." Swichi ya kuzima milango ya umeme ipo kweli, kwa kawaida karibu na usukani, na ndiyo maana uongo huu unapita kirahisi. Kisha muuzaji anakusogezea mlango hadi ubaki upana wa kidole, na mlango unajivuta wenyewe na kujifunga. "Si unaona? Umeme upo." Hapo ndipo wengi wanaponasa. Kile kinachovuta mlango sehemu ya mwisho ni mota ndogo iliyo ndani ya kufuli la mlango, si mota inayoubeba mlango kwenye reli. Kwenye Toyota nyingi mota hiyo ndogo huendelea kufanya kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa, kwa hiyo haithibitishi lolote kuhusu ile kubwa.

Kwa nini wanaficha? Mlango wa umeme huvutwa na waya wa chuma uliovikwa plastiki, unaopita kwenye vigurudumu vidogo pande zote mbili za reli. Mchanga na uchafu vikiingia, plastiki hupasuka, nyuzi za waya huanza kuchanika moja moja, na mota hulazimika kuvuta kwa nguvu kuliko kawaida. Mwisho waya hukatika au mota huungua. Mara nyingi mota na waya huuzwa kama seti moja, na katika magari mengi seti hiyo imefichwa ndani ya ubavu nyuma ya mlango, hivyo fundi analazimika kubandua mapambo ya ndani na wakati mwingine kung'oa kiti cha nyuma kabisa. Kwa muuzaji asiye mwaminifu, kukata waya, kuchomoa fyuzi na kukuuzia mlango wa mkono kwa bei ya mlango wa umeme ni rahisi zaidi.

Ukifika, washa swichi kuu wewe mwenyewe. Fungua na ufunge kila mlango mara kumi mfululizo kwa kila njia iliyopo: rimoti, swichi ya dereva, kitasa cha nje, kitasa cha ndani. Mara kumi si ushamba. Waya uliochoka au mota inayopata moto hufanya kazi vizuri mara mbili tatu za mwanzo, kisha mlango huanza kusita, kupiga kelele, au kurudi ulikotoka bila kuguswa. Mlango unaorudi wenyewe katikati ya njia umekutana na ukinzani: rola imekwama, reli imepinda, au waya umeanza kuchanika. Kisha jaribu kinga ya kubana. Weka boksi la karatasi au taulo lililokunjwa kwenye njia ya mlango na uufunge kwa swichi. Mlango mzima hugusa na kurudi. Usijaribu kwa mkono, na usikubali muuzaji akuonyeshe kwa mkono wake.

Visingizio utavisikia, na vyote vinapimika papo hapo. Akisema betri ilichomolewa kwa hiyo mlango umesahau mpangilio, hilo hutokea kweli, lakini kwa kawaida hurekebishwa kwa kuufunga kabisa kwa mkono kisha kuufungua na kuufunga kwa swichi. Aufanye mbele yako. Akisema kitasa cha ndani hakifungui kwa sababu ya kufuli la watoto, kijiti chake kiko ukingoni mwa mlango: kigeuze, ingia ndani, jaribu tena. Na akisema mlango umegoma kwa sababu kifuniko cha mafuta kiko wazi, magari mengi yana kizuizi hicho ili mlango usigonge kifuniko, ila ni upande wa tangi peke yake. Mlango wa upande wa pili hauna cha kujitetea.

Sasa umeme uache, shika chuma. Mlango wa kuburuza unashikwa na rola sehemu tatu: juu, chini, na katikati kwenye ile reli inayoonekana ubavuni kwa nje. Fungua nusu, shika ukingo wa nyuma wa mlango na uuinue juu na chini. Ukicheza na kugonga, rola ya katikati au bano lake limekwisha. Dalili yake nyingine ni rangi iliyokwaruzika pale mlango unapogusa ubavu, au upenyo ulio mwembamba juu na mpana chini. Linganisha upande wa kulia na wa kushoto: mlango wa umeme ukisukumwa kwa mkono huwa mzito kidogo kwa sababu unaburuta waya na vigurudumu vyake. Upande mmoja ukiwa mwepesi kama mlango wa kawaida, piga tochi ndani ya reli uone kama waya bado upo.

Jaribio ambalo wauzaji hawalipendi kabisa ni la mteremko. Simamisha gari pua ikiangalia chini, vuta breki ya mkono, fungua mlango hadi mwisho na uuache. Mlango huu hufunguka kuelekea nyuma, kwa hiyo kwenye mteremko uzito wake wote unataka kurudi mbele na kujifunga. Ndoano ya kuushikilia ikiwa nzima, hautasogea. Ukiteleza, ndoano imechakaa, na mlango huo utakuja kumbana mtoto siku gari limeegeshwa vibaya. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko mota iliyokufa, kwa sababu bila mota utafungua kwa mkono na maisha yataendelea.

Ajali ya nyuma nayo huonekana hapa. Reli ya katikati imefungwa kwenye ubavu wa nyuma, na ubavu huo haufunguliwi kwa bolti. Ukipondeka hukatwa na kuchomelewa. Fungua mlango, chungulia maungio chini ya mpira wake: alama za kuchomelea za kiwandani ni vidoti vilivyopangwa kwa nafasi zinazolingana. Ukikuta zimesagwa, zimejazwa fila (lipu ya kuzibia bati) au zimepangwa ovyo, ubavu umeguswa. Inua pia zulia la ngazi ya kupandia uangalie kutu, kwa kuwa maji hutuama hapo matundu ya kutolea yakiziba. Toyota Isis iangalie mara mbili: upande wa kushoto haina nguzo ya katikati, ile inayokaa kati ya mlango wa mbele na wa nyuma; nguzo imejengwa ndani ya milango yenyewe, kwa hiyo kugongwa upande huo si suala la rangi tu.

Wengine wanachukua gari la mizigo, wanafunga viti na kuliuza kama la abiria. Lala chini uangalie bolti za viti. Kiti cha kiwandani hukaa kwenye sehemu ya sakafu iliyoimarishwa, na mkanda wake umefungwa kwenye nguzo au kwenye fremu yenyewe. Viti vilivyochomelewa kwenye bati jembamba, au mikanda iliyofungwa kwa bolti na washa (kibati cha duara) ndogo, hung'oka siku ya kugongana. Hakuna punguzo la bei linalofidia hilo.

Karatasi ya mnada wa Japani, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani huko, nayo inachezewa. Daraja R au RA maana yake gari limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, W ni sehemu iliyonyooshwa na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Mbinu ya kawaida ni kutuma picha iliyokatwa kona yenye daraja, au karatasi ya gari jingine la modeli ileile. Tafuta karatasi mwenyewe kwa namba ya chasisi uliyoisoma kwenye chuma, kisha linganisha kilomita na tarehe ya mnada. Kilomita zikisomeka chache lakini reli imelika na plastiki ya ngazi imechubuka hadi nyeupe, amini reli.

Kwa gari la mbali unalouziwa kwa picha, omba video moja isiyokatwa: ianze kwenye namba ya chasisi, ipite kwenye karatasi yenye tarehe ya leo na neno utakalolichagua wewe, iende kwenye swichi kuu ikiwashwa, imalizie na milango yote miwili ikifunguka na kufunga kwa rimoti. Aliyeiba picha za watu atapata shida kuitengeneza. Atakuja na haraka, kwamba kuna mteja mwingine ameshaanza kulipa, au atakutumia akaunti yenye jina la mtu binafsi ilhali ankara ina jina la kampuni. Akaunti ya namna hiyo usiitumie chochote, hata kama video imefika.