Kiswahili kwa herufi za Kiarabu au za Kirumi, ipi bora?

Huu ubishi hauishi, hebu tuuangalie kidogo.

Kusoma bila kukosea, Kirumi kinashinda mbali sana. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi na sisi tunazo tano, kwa hiyo i na e zinabanana kwenye alama moja, kasra, u na o kwenye nyingine, dhuma, halafu kwenye miswada ya zamani herufi be ilibeba b, p na mb zote pamoja, sasa mtu kaandika "bibi" na mwingine "pembe" na kwenye karatasi vinafanana kabisa, msomaji ajijue mwenyewe!! Baadae watu wa pwani waliongeza alama, p yenye nukta tatu za Kiajemi na kadhalika, huo utata ukapungua.

Ila Kirumi nacho kina matundu yake. Paa la nyumba na paa wa porini tunaandika sawasawa, wakati mtu wa Mombasa anayatamka tofauti, yule mnyama p yake ina pumzi. Nukta zikiongezwa, herufi za Kiarabu zinaweza kuonyesha hilo.

Kuandika kwenye simu, Kirumi, sina la kuongeza.

Kwa hiyo kama ni ripoti au meseji, baki na Kirumi. Ila kama unataka kusoma tenzi za kale, mfano mswada wa Utendi wa Tambuka wa 1728, au barua za babu zako wa Lamu zilizo kwenye sanduku, hapo itabidi ujifunze kasra na dhuma tu ndugu yangu.