Utepe wa lami kwenye kibanda changu cha mbao: masika yote nimeupima

Nyuma ya nyumba yetu huku Goba kuna kibanda cha mbao ambacho ndimo ninamoshonea. Mbao ni za paini zilizotiwa dawa, juu bati la migongo. Tulikijenga kiangazi, kikatulia. Vuli ilipoingia, asubuhi moja nikakuta kitenge cha mteja kina doa la kutu na meza ya cherehani imeloa chapachapa.

Fundi wa kwanza alikuja na silikoni, akapaka juu ya kila msumari aliouona, akachukua hela yake akaondoka. Haikumaliza wiki mbili. Hakufuta vumbi, na bati la Dar linatanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku. Silikoni ilibanduka kama utando wa maziwa. Tena ukishaipaka, rangi haishiki juu yake, na utepe nao haushiki. Kuikwangua kulinila Jumamosi nzima, na fundi simu hapokei.

Ndipo nikaenda Kariakoo kununua roli ya utepe wa lami, ule ambao upande mmoja unanata na upande wa pili una karatasi ya alumini. Kabla sijaubandika, mzee mmoja jirani, seremala mstaafu, aliniuliza, "Mwanangu, umeshajua maji yanapoingilia, au unajua yanapodondokea tu?" Sikuwa na jibu. Akanielekeza nipande na mpira wa maji, nianze kumwagia ukingo wa chini wa paa nikipanda taratibu kuelekea kwenye kofia, lile bati linalofunika kilele, huku mtu akiangalia ndani. Ukianzia juu, maji yanatiririka kila mahali na hujui lipi ni lipi. Mtoto wa kaka yangu akakaa ndani, na alipopiga kelele "Shangazi, hapo hapo!" nilikuwa mbali kabisa na cherehani. Maji yaliingilia kwenye misumari iliyopigwa bondeni mwa bati, yakafuata papi (mbao zinazoshikilia bati) karibu mita nzima, ndipo yakadondoka. Msumari wa bati unapigwa mgongoni, kwa sababu maji yote yanapita bondeni. Kumbe silikoni ilikuwa inatibu kosa la nyundo.

Tuling'oa misumari ile, tukaziba matundu kwa vipande vya utepe, tukafunga skrubu zenye mpira juu ya migongo. Kipande kirefu kikaenda kwenye kiungio cha kofia. Hapo utepe umenifurahisha sana: mvua za Aprili zimepiga usiku kucha na hakuna hata tone. Ila bati liwe kavu, lipigwe msasa penye kutu, lifutwe, kisha ukandamize kwa nguvu (mimi nilibiringisha chupa ya soda). Fanya asubuhi. Mimi nilianza saa saba mchana, lami ikalainika na kunijaa mikononi hadi nikahitaji mafuta ya taa.

Kwenye ubao, usijisumbue. Niliubandika pia chini ya ukuta ambapo mbao zilikuwa zinalowa, ukaachia pembeni ndani ya mwezi mmoja. Ubao wenye unyevu haushikiki, na tatizo la pale lilikuwa jingine kabisa: maji ya paani yalikuwa yanapiga udongo na kurukia mbao, na ncha zilizokatwa zinanyonya maji kama mrija. Dawa yake ikawa gata, kokoto kuzunguka ukuta, na rangi ya mafuta mikono miwili kwenye zile ncha baada ya kukauka.

Kwa bati nitaununua tena bila kufikiri. Bado dirisha linaingiza maji kwa juu, na pale sitabandika kitu. Linahitaji kipande cha bati kilichokunjwa juu ya fremu ili maji yadondokee nje. Safari hii nimemwambia fundi aje na mpira wa maji kwanza.