Uzoefu wangu wa kuwekewa taji la jino: angalia meno yanavyokutana

Wengi wanaoniuliza habari za taji la jino, yaani kofia ngumu inayofunika jino lililochongwa, huogopa sindano. Sindano ni jambo la kupita. Kilichoamua kama nitatafuna kwa raha au la ni namna taji lilivyokutana na jino la juu yake, na hilo ndilo la kulisimamia kabla hujashuka kwenye kiti cha daktari.

Langu ni gego la chini. Lilikuwa limezibwa tundu kubwa zamani na ufa umeanza kuingia, ila neva yake bado hai. Nalitaja hilo kwa sababu jino lililokwisha kutibiwa mzizi, neva ikaondolewa, halisikii tena baridi wala moto. Likiuma, maumivu yanatoka kwenye ufizi na nyuzi zinazoushika mzizi. Mimi nilipata ya neva na ya ufizi pamoja.

Siku ya kuchongwa unatoka na taji la muda, la plastiki ngumu. Ganzi ya taya la chini hukaa saa kadhaa, na muda huo usitafune kitu, maana utajing'ata ulimi au shavu na hutajua mpaka baadaye. Daktari aliniambia nimeze dawa ya maumivu ganzi ikiwa bado ipo, nisisubiri jino lianze kuuma. Kwangu huo ulikuwa ushauri bora kuliko yote niliyopewa siku ile. Ibuprofeni ilinisaidia kuliko parasetamoli kwa kuwa inapunguza na uvimbe. Lakini mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, na mjamzito, wasiiguse bila kumuuliza daktari. Parasetamoli nayo, kwa mtu mzima, isivuke gramu 4 kwa saa 24. Kuna wanaobandika aspirini juu ya ufizi: inaunguza nyama, halafu unakuwa na vidonda viwili vya kuuguza.

Ganzi ilipoisha, jino lenyewe halikunisumbua kama nilivyotarajia. Kilichouma ni ufizi uliochubuliwa na kifundo cha taya kilichochoka kwa kuachama muda mrefu. Nilisukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, na kuweka kitambaa cha moto kwenye shavu. Hayo mawili yalitosha.

Taji la muda linataka adabu yake. Limegandishwa kwa saruji ya meno iliyo dhaifu makusudi, ili daktari aweze kulibandua bila kuliumiza jino. (Saruji za aina hii nyingi zina mafuta ya karafuu, na harufu inabaki mdomoni. Wapo wanaoikirihi, mimi niliipenda.) Kwa hiyo vitu vya kunata na vigumu niliviacha, na nikatafunia upande mwingine. Uzi wa meno niliendelea kuutumia, ila nikishaupitisha nauchomoa kwa pembeni, siunyanyui juu, kwa kuwa ukiunyanyua unaweza kuondoka na taji. Likikutoka, lihifadhi na umpigie daktari mapema: jino likikaa wazi, meno ya jirani yanaweza kusogea, na taji la kudumu lisiingie sawasawa. Gundi ya kuunganishia vyombo usiipeleke mdomoni kamwe.

Taji la kudumu, langu la zirkonia (aina ya kauri ngumu), lilipowekwa nilidhani kazi imekwisha. Niling'ata karatasi ya rangi, daktari akasaga palipoacha alama, akaniuliza panahisije. Ningejibu nini? Mdomo ulikuwa na ganzi na nilikuwa nimelala chali, na ukilala hivyo taya hurudi nyuma kidogo kuliko ukiwa umeketi. Ganzi ilipotoka nikagundua kila nikifunga mdomo jino hilo ndilo linalotangulia kugonga. Ziada ya urefu yenyewe ni nyembamba, huioni kwa macho, lakini mdomoni ni kama kokoto chini ya mguu mmoja wa meza: uzito wote unaegemea pale. Nyuzi zinazoshika mzizi zikipondwa kila unapotafuna huvimba, na jino zima huwa na kidonda usichokiona. Dawa inatuliza, ukila inarudi.

Nilirudi kliniki. Safari hii niliketishwa wima, bila ganzi, nikang'ata karatasi na kusaga meno kushoto na kulia. Alama moja ndogo ikasagwa, ikang'arishwa, na maumivu ya kutafuna yakaanza kushuka tangu siku iliyofuata. Hakuna kidonge kilichonipa nafuu ile. Kuna anayetaka kuvumilia mpaka azoee. Mimi nasema asivumilie. Jino lililozidi urefu halizoeleki, na taji linaloendelea kupigwa linaweza kupasuka au kuichosha neva.

Baridi ilibaki kunisisimua kwa muda, ikapungua polepole kwa dawa ya meno yenye nitrati ya potasiamu. Hiyo inataka subira, haifanyi kazi kwa kupiga mswaki mara moja. Msisimko wa baridi unaokatika mara moja si wa kukutia hofu. Maumivu yanayodunda usiku bila kuguswa, moto unaoacha jino likiuma muda mrefu, usaha au uvimbe, hayo ni ya kurudi kwa daktari. Uvimbe ukifikia mahali pa kuzuia kumeza au kupumua, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa taji lenyewe natoa nyota 4 kati ya 5. Linakaa vizuri, uzi unapita pembeni bila kukwama wala kuchanika, na natafunia upande huo kama zamani. Nyota moja nimeikata kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba kurudi kusawazishwa ni jambo la kawaida na halina haja ya miadi ndefu.