Kuandika faili kwa masharti katika R, lugha ya kuchakata takwimu: swichi au file.exists()?

Anayechakata takwimu za minada ya korosho ya Mtwara au Lindi huendesha skripti ileile mara nyingi, na `write.csv()`, amri ya kuandika jedwali kwenye faili, hufuta faili la jana bila kuuliza. Kuna kinga mbili.

Ya kwanza ni swichi: juu unaandika `hifadhi <- FALSE`, chini `if (hifadhi) write.csv(mnada, njia, row.names = FALSE)`, ambapo `mnada` ni jedwali lako na `njia` ni mahali na jina la faili. Msomaji anaona nia yako papo hapo. Udhaifu ni binadamu: ikisahaulika kwenye `TRUE`, kinga haipo.

Ya pili, `if (!file.exists(njia))`, yaani andika tu kama faili halipo, haitegemei kumbukumbu ya mtu, hivyo inaifaa skripti inayojiendesha usiku. Ila huangalia jina tu. Chama cha msingi cha wakulima kikirekebisha kilo, faili la zamani linabaki na ripoti inatoka na takwimu zilizopitwa. Hapo linganisha `file.mtime()`, yaani muda faili lilipobadilishwa mwisho, ya faili la chanzo na ya faili la tokeo. Umeme ukikatika katikati, hata faili nusu huhesabiwa lipo. Andika kwanza faili la muda ndani ya folda hiyohiyo, kisha ulipe jina la mwisho kwa `file.rename()`. Na ukiipa `file.exists()` njia kadhaa kwa mpigo, `if` hutoa kosa tangu R 4.2.0; funga majibu yake kwa `all()` ili yawe jibu moja.

Kwa matunzo, swichi ni nyepesi zaidi. Ripoti moja unayoichezea mwenyewe kwenye kompyuta yako, swichi inatosha. Mnada wa kila wiki, wenye tarehe ndani ya jina la faili, unataka `file.exists()`. Wengine huweka zote mbili, swichi ikiwa ya kulazimisha kuandika upya: `if (lazimisha || !file.exists(njia))`.