Keji ya rali niliyochomelewa Malindi: uzoefu wangu

Wenzangu mnaotaka kuingia rali kwa daraja la chini, someni haya kabla hamjampa fundi hata shilingi ya keji, yaani fremu ya mabomba inayochomelewa ndani ya gari kutulinda likipinduka.

Gari langu ni Toyota Starlet, injini ya 4E-FE, ujazo wa cc 1,331. Marafiki walinishikilia ninunue Subaru Impreza, ati bila fo-wili, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, hufiki popote. Mimi nikapiga hesabu ya tabo, difu na giaboksi, nikaona pesa zangu zitaisha kabla sijajifunza kuendesha. Starlet inavuta kwa magurudumu ya mbele tu, ni nyepesi, na vipuri havinisumbui. Nimefanyia mazoezi shambani kwa mjomba kule Marafa mpaka sampu gadi, lile bamba la kukinga injini chini, ikapinda, na bado sijajuta. Wenye uwezo watanunua Renault Clio Rally5, tabo ya lita 1.3, nguvu farasi 180 hivi, keji tayari imo ndani. Sisi wengine tunajenga.

Nikaipeleka Starlet kwenye karakana moja hapa Malindi ichomelewe keji, jina nalihifadhi. Waliahidi siku kumi, ikakaribia mwezi. Ila ilipotoka ilipendeza: rangi safi, mistari ya kuchomelea imelala sawasawa. Nililipa nikashukuru.

Siku ya ukaguzi mkaguzi akatoa venia, kifaa cha kupimia upana na unene, akapima tao kuu, lile bomba lililopindwa nyuma ya viti. Upana 45 mm, sawa. Kisha akaniuliza kama nina kipande kilichobaki cha bomba lile lile. Kilikuwa kwenye buti. Unene wake 2.0 mm. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, Kiambatisho J kifungu cha 253, zinataka tao kuu liwe na upana wa 45 mm kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Yaani ukitaka bomba lenye ukuta mwembamba, lazima liwe pana zaidi. Akaniambia niingize kidole ndani. Nikahisi mstari umetuna, kama kovu, toka mwanzo hadi mwisho. Ni mshono. Bomba la keji halitakiwi kuwa na mshono. Linatakiwa liwe la chuma kilichovutwa baridi, yaani bila kupashwa moto, chenye nguvu isiyopungua nyutoni 350 kwa milimita mraba. Langu lilikuwa bomba la kutengenezea mageti. Gari likipinduka, tao hilo ndilo linaloshikilia paa lisitushukie mimi na nevigeta wangu, anayenisomea njia, ambaye ni mtoto wa shangazi yangu. Usiku ule sikulala.

Karakana ya pili, Mombasa, ilinionyesha karatasi za bomba kabla ya kukata. Walipong'oa miguu ya keji ya kwanza tukakuta sakafu chini yake imeliwa na kutu. Chumvi ya pwani hii haina huruma, na bamba la mguu lilikuwa limechomelewa juu ya kutu hiyo hiyo. Wakakata, wakaweka bati jipya, kisha mabamba ya 3 mm, kila moja sentimita mraba 120. Ghali, lakini kazi ya kweli. Hao nawapa nyota tano.

Viti pia tazameni lebo. Kiti cha mtumba cha kiwango cha FIA 8855-1999 muda wake ni miaka mitano tangu kitengenezwe, hata kama kitambaa kinang'aa.

Karakana ya kwanza ilinirudishia pesa ya ufundi baada ya kwenda mara nne. Ya bomba hawajarudisha mpaka leo.