Paneli za uzio wa ng'ombe nimezifanya chanja ya kutambalia madodoki: uzoefu wangu

Nazipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya adha ya kuzitoa dukani hadi nyumbani.

Kwa asiyezijua, hizi ni paneli ambazo wafugaji wa huku Texas huzungushia mazizi. Ni waya mnene wa chuma, karibu nusu sentimita, uliochomelewa miraba miraba na kupakwa zinki. Moja ina urefu wa futi 16, yaani karibu mita 5, na kimo cha inchi 50. Zangu nilizipata kwa dola 30 na ushee kila moja. Zile chanja za urembo za maduka ya bustani zina bei mbaya, na mumunye mawili yakishanenepa zinapiga magoti.

Sasa, futi 16 haziingii kwenye pikapu. Wengi huikunja paneli kama upinde ndani ya bodi, ncha zote mbili zikikaza kwenye kuta za gari. Inawezekana, lakini ule waya una nguvu jamani. Fungeni mikanda ya mizigo kabla mtu yeyote hajaachia mkono, na anayefungua asisimame mbele yake, maana ikifyatuka inatoa jino. Dukani watakwambia watakukatia vipande. Kama unataka kuikunja iwe tao, kataa.

Tao ndilo ninalolipendekeza. Unapigilia nguzo nne za chuma, zile zenye umbo la T, mbili kila upande, ukiacha kama mita moja na nusu katikati. Ncha moja ya paneli inaegemea nguzo za upande huu, mwenzako anaisukuma ya pili mpaka katikati inyanyuke, halafu mnafunga kwa waya laini ule wa kufungia nondo. Tai za plastiki za kufungia, jua la huku linazila. Kilele kinanipita kichwa, na mzee mwenye mgongo mbovu anachuma bila kuinama.

Uzuri wake utauona kwenye matunda. Ukiisimamisha paneli kama ukuta, dodoki linalalia waya na kupinda. Kwenye tao linaning'inia ndani, limenyooka, unaliona toka mbali. Ila lichunguze likiwa bado la ukubwa wa kidole: kama limelala juu ya waya, lisukume lipite tunduni lining'inie. Ukilisahau linanenepea humo humo, linabanwa kiunoni, na hulitoi ila kwa kisu.

Kuna wanaosema chuma kitaunguza mimea. Mwezi wa nane ukishika waya mtupu mchana, utauachia mwenyewe. Lakini kufikia wakati huo majani yameshaufunika, kwa hiyo kazi ni kuwahi kupanda. Fiwi, madodoki, mumunye, vyote vyangu vimepanda bila kuungua hata kikonyo. Pasheni nayo imepanda vizuri; inayoimaliza ni wale viwavi wa rangi ya chungwa wenye miiba myeusi, na hilo paneli haihusiki.

Kinachokera ni kusafisha baada ya baridi. Vile vikono vya pasheni hujisokota kwenye waya kama springi, na vikikauka vinakuwa vigumu kuliko kamba. Neti ya nailoni ungeitupa pamoja na magugu yake. Hapa siku hizi nakata shina tu, naviacha vikono vilainike kwa mvua, kisha naving'oa kwa mkono.

Mkikuta paneli za nguruwe, zile za inchi 34, bei yake iko chini kidogo. Kwa maharage ya kutambaa zisimamisheni tu kama ukuta, zinatosha. Kwa tao msizichukue: kivuli chake ni chembamba, na matundu ya upande mmoja yamebanana kiasi kwamba mkono haupiti.