Chura wa Kihansi na chura wa miamba wa Usambara: yupi wa kumfuata?

Wakazi wengi wa Dar tulimsikia chura wa Kihansi kwa sababu ya umeme. Mitambo ya umeme wa maji ilipoanza kuzalisha mwaka 2000, maporomoko ya korongo la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, yalipungua maji mno na manyunyu yakakatika. Kufikia 2009 alitangazwa kutoweka porini, na wataalamu walikuwa wamemgundua 1996 tu! Waliobaki walilelewa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 mia moja walirudi kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 kundi likaachiwa tena korongoni, ambako sasa mabomba hunyunyiza maji.

Kenyewe kadogo, kana rangi ya manjano, hakafiki sentimita tatu. Hakatagi: kanazaa watoto waliokamilika. Kidimbwi hakina kazi kwake, ila ukungu wa maji ukikosekana ndiyo basi.

Yule wa Usambara ni mkubwa zaidi na hutaga. Ncha za vidole vyake zimetanuka, hivyo hashindwi na jiwe linaloteleza, na viluwiluwi wake hung'ang'ania miamba inayochuruzika maji. Ana vijito kadhaa, si korongo moja. Tatizo lake ni misitu kukatwa.

Kwa anayetoka Dar na tochi yake kutazama vyura, mimi nachagua wa Usambara, katika msitu wa Amani, kule Muheza. Wa Kihansi ana hadithi kubwa, lakini korongo lake si la matembezi ya Jumamosi.